Boma la Wabelgiji, Wakwe wa Atiman

Wamarekani wakisimulia mwanzo wa Jamestown, makazi ya Waingereza yaliyoanzishwa mwaka 1607, hawakosi kumtaja Pocahontas, binti wa chifu aliyeolewa na John Rolfe mwaka 1614. Wilaya yetu ya Tanganyika, yenye Kabungu na Karema, ina kisa cha namna hiyo, ila sifa wamepewa Wabelgiji waliojenga boma la Karema. Ni kweli walithubutu. Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold II, alianzisha kituo cha Karema mwaka 1879. Mwaka huohuo tembo wanne wa India walishushwa pwani ili wabebe mizigo badala ya wapagazi. Wakafa mmoja baada ya mwingine, na Carter aliyewaongoza akauawa Mpimbwe mwaka 1880. Kufikia 1885 Wabelgiji walikuwa wamekwisha kuwaachia boma Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki.

Aliyeifanya Karema idumu, kwa maoni yangu, ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, akatekwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara akiwa mtumwa. Mapadri Weupe walimkomboa Algeria, wakampeleka Malta kusomea udaktari. Alifika Karema mwaka 1889, akamwoa Agnes, binti wa ukoo wa kitemi wa Wabende, akatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Mtumwa huporwa kwanza jamaa zake. Ndoa ile ilimpa Atiman wakwe na mashemeji. Mgonjwa wa Kibende aliyelala mbele ya kisu chake alikuwa mikononi mwa mkwe wa watu, na hilo halikuweza kuletwa na bunduki wala dawa za Malta.

Wapo watakaosema bila kuta za boma watu wangechukuliwa na wateka watumwa. Sikatai, kuta zilikinga. Lakini kuta hizohizo Wabelgiji waliziacha. Wengine watasema ndoa za misheni zilipangwa na mapadri, hivyo tusiziite mapenzi. Moyo wa mtu hatuuoni, ila maisha yake tunayaona. Pocahontas alipelekwa Uingereza, akafia huko mwaka 1617, na kufikia 1622 watu wa baba yake na walowezi walikuwa vitani. Huku kwetu mume ndiye aliyehamia nchi ya mke, akaitumikia miaka 67, na mtoto wao Joseph akawa padri.