Kabla ya kukodi spika: mahindi ya H611 na banda letu la Nakuru

Leo tuziweke kando programu kidogo, tuongee mabanda ya maonyesho. Sisi vijana watatu hapa Bahati tumetengeneza programu ya simu ya kuweka hesabu za maziwa: mkulima amepeleka lita ngapi, amelipwa ngapi, anadai ngapi. Tunataka kuipeleka kwenye maonyesho ya kilimo ya Nakuru. Pesa ya banda ipo, ila ndiyo akiba ya chama chetu ya mwaka mzima. Watu wakipita tu bila kusimama, basi. Mwenzetu mmoja anataka DJ na spika kubwa. Mimi nikaingia kwenye historia.

Ukimwuliza mtu wa kompyuta, atakutajia Apple. Aprili 1977, San Francisco, Steve Jobs alilipia mapema nafasi ya mbele ya ukumbi, akatundika nembo mpya ya kampuni kwenye plastiki iliyomulikwa kwa nyuma. Apple II zilizokuwa zimekamilika zilikuwa tatu tu! Wakapanga maboksi matupu ili watu wadhani mzigo ni mwingi. Walipata oda kama 300. Hadithi tamu, lakini jaribu maboksi matupu kwa mkulima wa Dundori aliyewahi kuuziwa mbegu feki, uone atakavyokutazama.

Kumbe mfano mzuri zaidi uko kwetu. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa H611, mahindi chotara ya kwanza ya Kenya, waliyoyapata kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na aina iliyotoka Ecuador. Sasa fikiria kazi ya kuyauza. Mbegu chotara hununuliwa upya kila msimu, ukipanda ulizovuna mavuno yanashuka. Mkulima ana mbegu zake zinaning'inia juu ya meko, bure kabisa. Kwa nini atoe pesa?

Maafisa wa kilimo pamoja na Kenya Seed, kampuni iliyoanzia Kitale mwaka 1956, walipanda mashamba ya mfano katikati ya wakulima wenyewe. Jirani akipita njiani anaona mahindi yanavyopanda juu wiki baada ya wiki, kisha mbegu anazipata duka la karibu. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, wakulima wadogo wengi wa nyanda za juu za magharibi walikuwa wanapanda chotara.

Kwenye maonyesho ya ASK (chama chenyewe kilianza mwaka 1901, enzi za walowezi) utaratibu huo upo hadi leo. Kampuni za mbegu hupanda vipande vyao uwanjani miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe. Huwezi kuja usiku wa kuamkia maonyesho ukachomeka mahindi yenye mbelewele. Mzee anaingia, anashika jani, anageuza gunzi, anauliza mbolea ilikuwa gani. Hapo hata ukizima muziki haondoki.

Kwa hiyo nimewaambia wenzangu tupande mapema. Wakulima kadhaa wa hapa wamekubali tuandike maziwa yao kila asubuhi kwa miezi mitatu, kwenye daftari la kawaida na kwenye simu, kwa pamoja. Siku ya maonyesho vyote viwili vitakuwa mezani wazi, majina tumeyaficha. Anayetaka ajumlishe mwenyewe, akipata tofauti atuoneshe palepale. Ndiyo, inatisha, mimi ndiye niliyeandika sehemu ya hesabu.

Jambo la kiufundi: programu lazima ifanye kazi bila intaneti, maana umati wote ule ukishika simu kwa wakati mmoja mtandao unazama. Data inakaa kwenye simu yenyewe, inatumwa baadaye.

Kuhusu spika, bado tunabishana.