Muongo wa Toyota, 1980–1990: Hesabu Inayofanywa kutoka Fizi na Baraka

Historia ya Toyota katika miaka ya 1980 husimuliwa kama safari ya kwenda Marekani. Kampuni iliuanza muongo huo ikiwa mtengenezaji wa Kijapani anayesafirisha magari kwa meli, ikaumaliza ikiwa na kiwanda chake Kentucky, ubia California na chapa mpya ya kifahari. Masimulizi hayo ni ya kweli. Hata hivyo, yakisomwa kutoka Baraka, Fizi au Lubondja, katika teritori ya Fizi mashariki mwa Kongo, yanakosa tukio lililoigusa teritori hiyo kuliko mengine yote: kuzinduliwa kwa Land Cruiser ya mfululizo wa 70, Novemba 1984.

Makala haya yanadai kwamba katika muongo huo Toyota ilipanuka kwa njia mbili. Ya kwanza iliuza starehe kwa mnunuzi binafsi mwenye barabara nzuri. Ya pili iliuza ustahimilivu, na baada ya muda mteja wake mkuu katika sehemu nyingi za Afrika akawa taasisi inayofanya kazi mahali ambapo barabara imekufa. Mashariki mwa Kongo, Toyota iliingia kwa njia ya pili. Ndiyo maana mkazi wa kawaida wa Fizi ameijua Toyota akiwa abiria, mgonjwa au mtazamaji kando ya njia, mara chache sana akiwa mnunuzi.

Njia ya kwanza ilianza na kuunganishwa kwa nyumba moja iliyogawanyika. Mwaka 1950, baada ya msukosuko wa fedha na mgomo uliomfanya Kiichiro Toyoda ajiuzulu, utengenezaji na uuzaji viliwekwa katika kampuni mbili. Julai 1982 zikaunganishwa tena kuwa Toyota Motor Corporation, Shoichiro Toyoda akiwa rais. Muungano huo ulifanyika kampuni ikiwa imebanwa: tangu 1981 Japani ilikuwa imekubali kupunguza magari inayopeleka Marekani hadi milioni 1.68 kwa mwaka. Ukiwekewa kikomo cha magari ya kupitisha mpakani, dawa ni kuyaundia ng'ambo. Mwaka 1984 ubia na General Motors ulianza kuunda magari huko Fremont, California, katika kiwanda ambacho GM ilikuwa imekifunga miaka miwili kabla. Kisha yakaja Makubaliano ya Plaza ya Septemba 1985, ya kushusha thamani ya dola. Yeni iliyokuwa karibu 240 kwa dola moja ilipanda hadi karibu 120 mwishoni mwa 1987, na gari lililotoka Japani likawa ghali mno. Camry ya kwanza ilitoka Georgetown, Kentucky, Mei 1988. Lexus ikafuata 1989.

Njia ya pili haikuhitaji kiwanda kipya. Land Cruiser ilikuwa na asili ya mwaka 1951, pale gari la majaribio lililoitwa Toyota BJ lilipopanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Mfululizo wa 40 uliotoka 1960 ndio uliolitambulisha jina hilo Afrika. Wahandisi walipokaa kuubadilisha, soko la dunia lilikuwa likitaka jipu laini la kwenda mjini, na Toyota ilikuwa tayari na mfululizo wa 60 kwa ajili hiyo. Mfululizo wa 70 ukaachwa ubaki mgumu: fremu nzito, ekseli nzima mbele na nyuma, na springi za mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine.

Mwezi huohuo wa Novemba 1984, wapiganaji wa PRP, chama cha Laurent-Désiré Kabila kilichokuwa na ngome zake katika milima ya Fizi, waliuvamia mji wa Moba kusini zaidi kwenye ufuo wa Tanganyika. Matukio haya mawili hayana uhusiano wa moja kwa moja. Kuyaweka pamoja kunaonyesha tu aina ya nchi ambayo gari hilo lingekuja kuhudumu: eneo ambalo serikali ilifika kwa askari kabla ya kufika kwa greda.

Hali ya uchumi nayo ilimwondoa mnunuzi binafsi sokoni. Septemba 1983 serikali ya Mobutu ilishusha thamani ya sarafu yake, zaire, kwa zaidi ya robo tatu. Mfanyabiashara aliyetaka gari jipya alihitaji fedha za kigeni, nazo hazikupatikana kwa kuuza mihogo na samaki. Office des Routes, iliyoundwa 1971, ilikuwa na jukumu la kutunza barabara kuu za taifa kubwa mno bila bajeti ya kulingana nalo. Wakati huohuo, kwingineko Afrika ilikuwa ikiitangaza Toyota bila malipo. Celica ilishinda mbio za Safari Rally nchini Kenya mara tatu mfululizo, 1984 na 1986 kwa mikono ya Björn Waldegård, na 1985 kwa Juha Kankkunen. Mwaka 1987 jeshi la Chad liliyashinda majeshi ya Libya likitumia pikapu za Toyota zilizofungwa makombora, na vita hivyo vikapewa jina la gari lenyewe.

Sifa hizo zilipofika Fizi, zilifika kwa mikono ya taasisi. Vita vya Kongo vya kuanzia 1996 vilileta Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kufanya kazi Baraka mwaka 2003, na mwaka 2005 UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilianza kuwarudisha wakimbizi kutoka Tanzania kwa meli kati ya Kigoma na Baraka. Magari mengi ya kazi kama hizo hununuliwa kwa pamoja, na sehemu kubwa hupitia ghala maalumu la Toyota lililoko Gibraltar, ambako hufungwa redio na vitanda vya wagonjwa kabla ya kusafirishwa.

Ukitazama chini ya boneti ya Land Cruiser unaona kwa nini magari haya yamechaguliwa. Injini ya 1HZ, iliyoingia kwenye mfululizo wa 70 mwaka 1990, ni ya diseli yenye silinda sita na lita 4.2. Haina turbo, na pampu yake ya mafuta huendeshwa kimakanika, bila kompyuta. Fundi mwenye spana, sikio zuri na kichujio kipya cha mafuta anaweza kulirudisha gari njiani siku hiyohiyo. Kando ya kioo cha mbele limepanda bomba la kuvutia hewa, lile linalowafanya Watanzania waliite gari hili mkonga. Linaliwezesha kuvuka mto bila injini kumeza maji.

Pingamizi moja lina uzito: gari hili limeokoa maisha, na si haki kulitwisha mzigo wa barabara zilizoharibiwa na wengine. Ni kweli, na hakuna anayeweza kudai kwamba Toyota ndiyo iliyoiua barabara ya Uvira hadi Fizi. Hoja ni nyembamba zaidi. Taasisi yenye Land Cruiser inaweza kufika Lubondja wakati wa masika. Lori la mahindi haliwezi. Yule mwenye sauti ya kudai barabara amepata njia ya kuishi bila hiyo, na asiye na sauti amebaki na kichwa, mtumbwi na, kuanzia miaka ya 2000, pikipiki ya Kihindi au ya Kichina. Ni pikipiki, yenye bei ambayo kijana anaweza kuikusanya kwa deni la ndugu, iliyomfanya mkazi wa Fizi kuwa mnunuzi wa chombo chenye injini.

Mgawanyo wa miaka ya 1980 haujafutika. Mwaka 2007 Waaustralia walipata mfululizo wa 70 wenye injini ya V8 ya turbo, na mwaka 2023 wakaongezewa gia za kujibadilisha zenyewe. Mashirika ya misaada yameendelea kuagiza 1HZ. Soko la kwanza linatunzwa na wanunuzi binafsi. La pili linategemea bajeti za wafadhili, na mwaka 2025 Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, USAID, sehemu ya bajeti hizo ilitoweka. Ikiwa dai la makala haya ni sahihi, magari hayo yatapungua Fizi bila mnunuzi wa ndani kujitokeza kujaza pengo, na mahitaji ya barabara yatawarudia wale walioachwa nje ya hesabu tangu mwanzo: wenye pikipiki, wenye malori na wakulima wa bara.