Bikoni Kabla ya Tofali

Familia nyingi za Dar es Salaam hazinunui nyumba. Zinanunua ardhi, kisha zinajenga kidogo kidogo: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, bati siku fedha itakapopatikana. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973 kukopesha wajenzi, ilifungwa mwaka 1995, na mikopo ya nyumba iliyorudi baada ya sheria ya mwaka 2008 bado ni ya wachache wenye mishahara ya uhakika. Kwa hiyo uamuzi mzito hufanyika mapema, siku mnunuzi anaposimama na dalali juu ya kipande cha ardhi akipiga hesabu ya bei na ya nauli ya kwenda mjini. Historia ya jiji hili inaonyesha kwamba lipo jambo lenye uzito kuliko bei na umbali, na mara nyingi kuliko hata karatasi ya umiliki, nalo ni kama viwanja na njia vilipimwa kabla ya mtu wa kwanza kujenga, au watu walijenga kwanza na ramani ikaja kuwakuta. Bikoni, yaani jiwe la kuonyesha mpaka wa kiwanja, ikitangulia, mtaa hukua kwa namna moja. Tofali likitangulia, hukua kwa namna nyingine, na kuurekebisha baadaye ni kazi ya kizazi kizima.

Kariakoo ndiko pa kuanzia, kwa kuwa ndiko watu wa kawaida wa Dar es Salaam walikowahi mapema kumiliki nyumba kwenye mitaa iliyochorwa. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo, wakatunga kanuni za ujenzi zilizougawa mji kwa aina ya majengo: ya mtindo wa Ulaya upande wa bahari, ya biashara katikati, ya miti na udongo pembeni. Matokeo yake kila mkazi aliyajua kwa majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Ulikuwa mgawanyo wa dhuluma, na eneo la wazi la Mnazi Mmoja, lililoachwa ili kuwatenga Waafrika na wengine, limebaki kuwa ushahidi wake. Upande mmoja wa uwanja ule watu walipewa haki za ardhi za miaka mingi. Upande wa Kariakoo walipewa vibali vya muda mfupi vya kukalia kiwanja. Hata hivyo, ramani ya Kariakoo ilikuwa imechorwa kwa mistari iliyonyooka, na Waingereza, waliopiga kambi ya wapagazi wao hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliiendeleza. Mkazi hakuwa na hati ya maana mkononi, lakini mbele ya mlango wake palikuwa na mtaa ambao jirani hakuweza kuujengea.

Juu ya viwanja hivyo ikasimama nyumba ya Kiswahili ya mjini: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, nyuma ua wenye jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Kwa mjane, kwa mwanamke aliyeachika, kwa mzee aliyechoka kazi ya bandarini, kodi ya vyumba vinne ndiyo iliyokuwa pensheni yake. Nyumba ile haikuwa makazi tu, ilikuwa mtaji, na mtaji huo ulidumu kwa sababu mtaa haukuziba. Baadaye walipokuja wajenzi wa maghorofa, familia zilizokuwa bado zimeshika viwanja vyao zilikuwa na kitu cha kujadiliana, maana lori lilifika, bomba lilifika, na mpaka ulijulikana. Ziko zilizopunjwa na ziko zilizogombana ndugu kwa ndugu juu ya urithi, na huo ni msiba wa kweli. Lakini hakuna anayepunjwa thamani isiyokuwepo.

Ushahidi mzito zaidi uko mbele kidogo, Manzese, kwenye njia ya Morogoro. Sensa ya mwaka 1957 iliwakuta wakazi wa Dar es Salaam 128,742. Ya mwaka 1967 ikawakuta karibu 273,000. Jiji lililokua kwa kasi hiyo halikuweza kuwasubiri wapima ardhi, na Manzese ikajaa watu waliojenga walipopata nafasi. Kwa miaka ya mwanzo jibu la serikali lilikuwa kubomoa. Mwaka 1972 sera ikabadilika, na kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukaja mradi wa viwanja na huduma wenye mikono miwili. Mkono wa kwanza ulikwenda kwenye ardhi iliyokuwa bado haijajengwa sana, kama Sinza na Kijitonyama: wapima walichimbia bikoni, njia zikachongwa, mabomba yakalazwa, kisha ndipo familia zikapewa viwanja zijenge zenyewe. Mkono wa pili ulikwenda Manzese: nyumba ziliachwa zilipo, zikapitishiwa barabara chache, maji na huduma za jamii. Hapa ndipo penye somo, kwa kuwa Sinza na Manzese zinapakana, mradi ni uleule, muongo ni uleule, na walengwa katika makaratasi walikuwa watu wa kipato cha chini kote kuwili.

Leo mtu hahitaji takwimu kuona tofauti. Sinza, lori la mchanga linamwaga mzigo mlangoni kwa fundi. Katika sehemu za ndani za Manzese mchanga humwagwa barabarani, na vibarua huubeba kwa ndoo kupitia vichochoro, kila ndoo na bei yake, kiasi kwamba maskini hujenga kwa gharama kubwa kuliko jirani yake mwenye nafasi. Gari la kunyonya maji taka haliingii, kwa hiyo choo kikijaa huchimbwa kingine pembeni mpaka ua unakwisha. Gari la zimamoto huishia barabara kuu. Msiba ukitokea, jeneza huinamishwa kwenye kona ili lipite. Wakazi wa huko hawajakosa bidii wala maarifa; wengine wana nyumba nzuri za tofali na marumaru ndani. Walichokosa ni zile mita chache za njia ambazo, mtu akishazijengea, hakuna jirani aliye tayari kuzirudisha. Uboreshaji wa miaka ya 1970 uliwapa maji na barabara kadhaa, na hilo lilikuwa jema, lakini haukuweza kuwapa nafasi ambayo tayari ilikuwa imeliwa.

Si macho ya wapita njia pekee yanayosema hivyo. Mwaka 2021 mchumi Guy Michaels na wenzake walichapisha utafiti juu ya mitaa ya mradi huu katika miji saba ya Tanzania, wakilinganisha picha za angani na takwimu za nyumba miongo kadhaa baadaye. Mitaa iliyopimwa kabla ya ujenzi ilionekana kuwa na nyumba kubwa zaidi, zilizojipanga na zenye ubora, kuliko maeneo ya jirani yasiyopimwa. Mitaa iliyoboreshwa baada ya kujengwa haikuonyesha faida ya namna hiyo. Mtu anaweza kusema kwamba Sinza ilipendeza kwa sababu wenye fedha waliihamia wakawaondoa maskini waliokusudiwa. Ni kweli kwamba viwanja vingi vilihama mikono. Lakini ni lazima kuuliza wenye fedha walifuata nini huko, na kwa nini hawakuvuka barabara kwenda kununua kwa bei nafuu Manzese. Waliifuata njia. Na familia iliyouza kiwanja kilichopimwa iliondoka na bei ambayo aliyeuza kichochoroni hakuiota.

Pingamizi zito kuliko hilo ni kwamba ushauri wa kununua palipopimwa ni ushauri wa wenye uwezo. Makadirio mengi yanasema asilimia 70 au zaidi ya wakazi wa jiji wanaishi katika makazi yasiyopangwa, na hawakufika huko kwa ujinga. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu akipinga ardhi kuwa bidhaa ya kuuzwa kwa anayeweza kulipa, na mwaka 1963 sheria ikageuza umiliki wa kudumu kuwa wa muda. Nia ilikuwa kumlinda mnyonge. Lakini kwa miaka mingi ardhi tupu ikawa haina bei kisheria, ila kilichoendelezwa juu yake, huku viwanja vya serikali vikiwa vichache na foleni yake ndefu. Basi watu walinunua kwa wenye mashamba, na katika karatasi za mauziano ikaandikwa minazi kadhaa, miembe kadhaa, kana kwamba familia imenunua miti. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na marekebisho ya mwaka 2004 ndizo zilizolegeza hali hiyo. Utaratibu wa mtaani nao ulifanya kazi kuliko wanavyokiri maofisa: mjumbe anashuhudia, majirani wa pande nne wanaitwa kuonyesha mipaka, ofisi ya serikali ya mtaa inagonga muhuri na kuchukua ada yake. Mamilioni wamelala salama kwa karatasi hizo. Hilo nalikubali bila kusita, na ndiyo sababu nimesema bikoni ina uzito kuliko hati. Karatasi ya mtaa inaweza kumlinda mnunuzi dhidi ya muuzaji mwongo. Haiwezi kumzuia jirani wa mbele asisogeze ukuta wake nusu mita mwaka huu na nusu mita mwaka kesho, maana njia haimo katika karatasi ya mtu yeyote.

Wako pia wanaosema kwamba serikali ikitaka, huchukua hata palipopimwa. Mwaka 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na familia nyingi, hasa za Wahindi wa katikati ya mji na Upanga, zikapoteza mali halali kwa siku moja. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, zilivunjwa kupisha upanuzi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande. Matukio haya si ya aina moja. Lile la mwaka 1971 lilikuwa uamuzi wa kisiasa, na hakuna upimaji unaozuia siasa. Ya Kimara na Msimbazi yanaiunga mkono hoja yangu: hifadhi ya barabara na bonde la mto vilikuwa na mipaka ofisini ambayo haikuonekana ardhini, na aliyenunua kwa maneno ya muuzaji aliijua siku alipoamka na kukuta alama ya X nyekundu ukutani kwake. Serikali inayoficha mipaka kwenye makabati, kisha ikamwadhibu raia kwa kutoijua, ina sehemu yake kubwa ya lawama.

Upimaji peke yake haumalizi kila kitu, na hilo lilionekana wazi katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Ulivuka lengo, ukatoa zaidi ya viwanja 30,000 huko Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma, Buyuni, Mwanagati na kwingineko. Mitaa ilichongwa vizuri, ila maji na umeme vilichelewa mno, na viwanja vingi vikabaki vichaka miaka nenda rudi, wengine wakivishikilia vipande bei. Familia yenye watoto wa shule haiwezi kuishi kwa kusubiri bomba. Lakini bomba lilipofika Kibada, na daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016, palikuwa na mahali pa kupitisha bomba bila kuvunja jiko la mtu. Katika makazi yanayopimwa sasa, yakiwa yameshajengwa, kwa mpango wa urasimishaji, kila mita ya njia hutolewa kwa kumbembeleza mwenye ukuta, na wengi wanaishia kupata hati ya kiwanja ambacho gari bado halikifikii. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi milioni 5.4, na ukingo wa jiji umeshavuka mipaka ya mkoa kuingia Kibaha na Mkuranga. Huko mashamba yanakatwakatwa kila wiki na wauzaji wanaoonyesha michoro ya rangi yenye mitaa minyoofu. Mchoro ulioidhinishwa, uliosajiliwa na wenye namba inayolingana na bikoni iliyochimbiwa ardhini, unapatikana katika ofisi ya ardhi ya halmashauri, na kuulizia huko ni gharama ndogo mno ukilinganisha na ya kubomoa.