Maiki Inarekodi Chini ama Inakwaruza? Hivi Ndio Utaset Levo Ukiwa Keja

Umekodi keja Kibabii karibu na chuo, ukajinyima mpaka ukapata intafesi na maiki. Sasa kuna mzee wa litungu anatoka upande wa Chwele kuja kurekodiwa. Atapiga mara moja, labda mbili, halafu ashike boda kabla mvua ya jioni ianze kupiga mabati. Levo zikikataa hapo, hiyo siku imeenda. Kwa hivyo cheki hizi vitu kabla abishe mlango.

Geini ni nini hasa?

Sauti inatoka kwa maiki, inapita kwa waya, inaingia intafesi, ndio ifike kwa laptopu. Geini ni ile nobu ya intafesi inayopandisha nguvu ya sauti kabla igeuzwe kuwa namba. Usiichanganye na nobu ya hedifoni. Hiyo inabadilisha vile wewe unaskia, haigusi kile kinarekodiwa.

Kwa programu ya kurekodi, mwisho wa mita ni 0. Hakuna kitu juu ya hapo. Sauti ikizidi, wimbi linakatwa kichwa, na hiyo ndio mikwaruzo unaskia. Ukivuta fada chini baadaye, unapata mikwaruzo ile ile, ila ya sauti ndogo.

Rekodi kwa biti 24. Lenga vilele vya sauti vicheze kati ya -18 na -10, na visipite -6. Usiogope ikionekana ndogo kwa skrini. Biti 16 zinakupa nafasi ya desibeli kama 96 kutoka juu hadi chini, biti 24 zinakupa karibu 144. Utaongeza sauti ukimiksi bila shida.

Haiskiki kabisa

Anza na aina ya maiki. Kondensa inataka stima ya volti 48 kutoka kwa intafesi, kwa hivyo bonyeza kitufe kimeandikwa 48V na ungoje sekunde chache. Punguza spika kwanza ndio zisilipuke na ule mshindo. Dainamiki kama Shure SM58 haihitaji hiyo stima.

Halafu angalia waya. Maiki nyingi za bei ya chini, kama BM-800, huuzwa na waya wenye jeki ndogo kama ya simu upande mmoja. Huo haubebi zile volti 48. Tafuta waya wa XLR kwa XLR.

Bado kimya? Ingia mipangilio ya faragha ya Windows, ruhusu programu zitumie maiki. Kisha ndani ya programu ya kurekodi, hakikisha umechagua intafesi. Kuna jaribio rahisi: kwaruza bodi ya laptopu na ukucha ukirekodi. Hiyo ikiskika kubwa kuliko sauti yako, unarekodi na maiki ya laptopu, msee.

Inaskika lakini chini

Cheki swichi ya INST. Hiyo ni ya gitaa la stima, kwa maiki iwe imezimwa.

Halafu songea. Ukiongeza umbali mara mbili, unapoteza karibu desibeli 6 za sauti yako, na chumba kinaanza kuskika kuliko wewe. Kwa kuimba, kaa kama sentimita 10 hadi 15 kutoka kwa maiki.

Pia kuna maiki ambazo ni nzito kuamsha. Shure SM7B ile ya mapodkasti inataka geini ya desibeli 60 hivi. Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu inafika 56. Kwa hivyo ukizungusha nobu mpaka mwisho na bado iko chini, hakuna kitu kimeharibika. Hapo unahitaji busta katikati, kama Cloudlifter CL-1, ambayo inaongeza hadi desibeli 25 na inatumia zile volti 48 kufanya kazi.

Inaskika kwa sikio moja tu? Hiyo si shida ya levo. Trak yako iko stereo na maiki iko kwa ingizo la kwanza. Fungua trak ya mono.

Inakwaruza

Hapa ndio wengi huanguka. Unaset geini ukisema "hallo hallo", halafu mtu akipanda koras anaamka na sauti mara tatu. Mwambie aimbe ile sehemu ya juu kabisa ya wimbo, ama apige nyuzi kwa nguvu vile hupiga akichangamka. Set na hiyo. Litungu ni noma zaidi kwa sababu kidole kikiachilia uzi, mshindo wa kwanza ni mkali na unapita haraka. Macho yako yanaweza kuukosa kwa mita, kwa hivyo acha nafasi.

Kwa Scarlett nyingi, mduara wa taa kwenye nobu huwa kijani sauti ikiingia, na nyekundu ikikatwa. Nyekundu hata mara moja, rudisha geini chini. Ukiwa umeshusha mpaka mwisho na bado inakata, bonyeza swichi ya PAD kama iko, ama sogeza maiki nyuma.

Kuna mlio nyuma

Chomoa chaja ya laptopu, rekodi na betri. Mlio ukiisha, shida iko kwa stima, mara nyingi soketi ama ekstensheni isiyo na athi. Chomeka pia intafesi moja kwa moja kwa laptopu, usipitie habu ya USB.

Mvua ya mabati, hiyo haina kitufe. Panga kurekodi asubuhi.

Kabla ubonyeze rekodi

Rekodi sekunde 30 za majaribio, skiza na hedifoni mpaka mwisho. Ukiridhika, piga nobu picha na simu ndio ujue pa kurudi mtu akiigusa. Na kama intafesi yako ina maingizo mawili na una maiki ya pili, iweke karibu na ya kwanza, geini chini kwa desibeli 10 hivi. Mzee akichangamka kuliko vile ulitarajia na ya kwanza ikate, ya pili bado iko safi.