Isaac Parker, Jaji wa Fort Smith

Isaac Charles Parker, mzaliwa wa Ohio wa mwaka 1838, alihamia Missouri kufanya kazi ya uwakili, na mwaka 1871 akaingia katika Baraza la Wawakilishi mjini Washington, ambako alijulikana kwa kutetea maslahi ya wenyeji wa asili wa Marekani. Chama chake cha Republican kilipopoteza nguvu Missouri, Rais Grant alimteua, mwaka 1875, akiwa na umri wa miaka 36, kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho ya magharibi ya Arkansas, ambayo jaji wake wa awali alijiuzulu kwa tuhuma za rushwa.

Mahakama hiyo, iliyokaa Fort Smith katika jengo kuukuu la kijeshi, ilikuwa na mamlaka pia juu ya Indian Territory, katika Oklahoma ya leo. Na maadamu mabaraza ya makabila ya wenyeji, Cherokee, Choctaw na Creek, hayakuruhusiwa kumhukumu Mzungu, wezi na wauaji walifanya nchi ile maficho yao. Kuwasaka ilikuwa kazi ya maaskari wa mahakama, miongoni mwao Bass Reeves, Mweusi aliyezaliwa utumwani, ambaye kwa kuwa hakujua kusoma alisomewa hati za kukamata, akazihifadhi kichwani, ndipo akashika njia. Waliokamatwa walisongamana katika jela ya chini kwa chini, chini ya sakafu ya jengo lile lile la mahakama.

Tarehe 3 Septemba 1875 watu 6 walinyongwa kwa pamoja hadharani. Na katika miaka yake 21 Parker alihukumu kifo watu 160, wakanyongwa 79, ijapokuwa mwenyewe alisema kwamba angeridhia adhabu hiyo ifutwe, mradi mkosaji awe na yakini ya kuadhibiwa.

Lililo zito kuliko idadi hiyo ni kwamba kwa miaka 14 aliyehukumiwa kifo mbele yake hakuwa na rufani, ila huruma ya Rais. Mwaka 1889 Bunge, ambalo Parker mwenyewe alikuwa mjumbe wake zamani, lilitoa haki ya rufani, na Mahakama ya Juu ikatengua hukumu zake nyingi, aghalabu kwa sababu ya maelekezo aliyowapa watu wa juri. Naye akalalamika waziwazi kwamba wauaji wanapewa nafuu. Alifariki Novemba 1896, miezi michache baada ya mahakama yake kuondolewa mamlaka juu ya Indian Territory.

Simwiti dhalimu, kwani alifanya kazi kwa bidii na kwa imani. Lakini bidii na imani ya mtu mmoja si dhamana ya kutosha kwa roho ya mwenziwe, na waliokwisha kunyongwa kabla ya 1889 sheria mpya haikuweza kuwafaa kitu.