Rafiki Asiye na Kisa: Mhusika Shoga katika Filamu za Marekani

Neno shoga lina maana mbili katika Kiswahili. Kwanza, ni jina waitanalo wanawake walio marafiki; pili, hutumika, aghalabu kwa dharau, kumtaja mwanamume anayewapenda wanaume wenzake. Maana hizo, bila Kiswahili kuhusika, zilikutana katika mhusika mmoja wa filamu na tamthilia za Marekani: mwanamume shoga aliye rafiki mkubwa wa mhusika mkuu wa kike.

Chimbuko la mhusika huyo ni ukimya. Kanuni za maadili za Hollywood, zilizotungwa mwaka 1930 na kusimamiwa kwa ukali kuanzia 1934, zilipiga marufuku mapenzi ya jinsia moja, hata kwa kudokezwa. Badala ya maneno zikatumika ishara: mwendo wa madaha, sauti laini, mavazi nadhifu kupita kiasi. Mtazamaji alielewa, akacheka. Marufuku ililegezwa mwaka 1961, na kanuni zenyewe zikaachwa mwaka 1968, ishara zikasalia.

Katika miaka ya 1990 mhusika huyo alipewa sauti. Mathalani, katika My Best Friend's Wedding (1997), George, aliyeigizwa na Rupert Everett, humwonya na kumfariji Julianne. Watazamaji wa maonyesho ya majaribio walimpenda mno, hata mwisho wa filamu ukapigwa upya ili arejee. Hata hivyo, mapenzi yake mwenyewe hayamo katika kisa. Mwaka 1998 Will & Grace ilimpandisha mhusika shoga hadi kwenye jina la tamthilia; mwaka 2018, katika Love, Simon, kijana shoga akawa kitovu cha kisa cha mapenzi katika filamu ya kampuni kubwa ya Hollywood.

Sarufi ya Kiswahili hubainisha upungufu uliokuwapo. Wanawake wanaoitana shoga hutunziana siri na kufutiana machozi. Kila mmoja ni shoga wa mwenziwe. Rafiki wa filamu, kinyume chake, hutunza siri za mwingine, humchagulia mavazi, humfutia machozi, naye hana wa kumfutia yake. Kiambishi kilichodondoshwa ni -an-, nacho ndicho kibebacho usawa.

Hasara yake si ndogo. Mtazamaji asiyemjua shoga mwingine ila huyo hufundishwa kumpenda mtu kwa sharti kwamba asidai chochote kwa ajili ya nafsi yake.