Kushuka kreta ya Ngorongoro na watoto: Vitu vya kubeba kwa familia inayotoka Endamarariek

Familia ya Endamarariek haihitaji ndege wala hoteli kwenda Ngorongoro. Inaamka alfajiri, inapita Karatu mjini, inapanda hadi lango la Lodoare na jioni inalala nyumbani. Ukaribu huo ndio unaoponza wengi. Mgeni aliyetoka Ujerumani anafika na jaketi, kofia na darubini. Jirani wa hifadhi anafika na tisheti, watoto wamevaa kandambili, maandazi yako kwenye mfuko wa rambo. Gari likisimama ukingoni asubuhi, mtoto anatetemeka mpaka hataki kushuka kuiangalia kreta.

Hapo hela imeshatoka. Kukodi gari la 4x4, mafuta na viingilio ni gharama ambayo kwa mkulima inaweza kula magunia kadhaa ya mahindi au mbaazi. Safari ya namna hiyo hairudiwi mwezi unaofuata, kwa hiyo begi lipangwe vizuri mara hiyo moja.

Baridi kwanza

Karatu iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukingo wa kreta uko karibu mita 2,300. Kwa kawaida, kila mita 1,000 unazopanda joto linashuka kama nyuzi 6, kwa hiyo ukingoni kunaweza kuwa na baridi zaidi ya Karatu kwa nyuzi 5 hivi. Ongeza ukungu wa asubuhi na upepo.

Kisha gari linashuka. Chini ya kreta ni kama mita 600 kutoka ukingoni, eneo wazi la kilomita za mraba 260 hivi, na mchana jua linachoma kwelikweli. Alasiri linapanda tena, na baridi inarudi. Ndani ya siku moja familia inapita baridi, joto, halafu baridi.

Ndiyo maana koti moja zito halisaidii sana. Mtoto akilivaa chini anachemka, akilivua juu anaganda. Kinachofaa ni nguo za kuvaliana: tisheti ndani, sweta juu yake, halafu jaketi jepesi la kuzuia upepo. Magari mengi ya utalii yanafunguliwa paa ili watu wasimame waangalie wanyama, na huko juu upepo unapiga masikio, kwa hiyo kofia ya sufu kwa kila mtoto si anasa. Viatu viwe vya kufunika, na soksi.

Shuka la Kimasai linastahili kutajwa peke yake. Linafunika watoto wawili, linazuia vumbi, linakuwa mto mtoto akisinzia. Kama nafasi ya begi ni ya kitu kimoja tu cha ziada, basi kiwe hicho.

Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya baridi kali, na Juni ndipo shule nyingi zinapofunga. Wanaosubiri likizo ya Desemba wakumbuke mvua za vuli: koti la mvua kwa kila mtu na soksi za kubadilisha.

Kuhusu rangi, kwenye kreta haina shida kubwa. Wanaounganisha Tarangire au Serengeti waache nguo nyeusi na za bluu iliyokoza, kwa sababu zinavuta mbung'o. Nguo za mabaka zinazofanana na sare za jeshi ziachwe nyumbani kabisa. Sheria ya Tanzania hairuhusu raia kuzivaa, hata kama dukani zinauzwa kama nguo za safari.

Karatasi kabla ya chakula

Eneo hili linasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro, NCAA. Kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni wa nje vina tofauti kubwa sana, na cha mtoto kinategemea umri. Watu wazima wabebe kitambulisho cha NIDA, watoto vyeti vya kuzaliwa au nakala zake. Binti wa miaka 14 aliyerefuka kuliko mama yake anaweza kuleta maswali ambayo cheti kingeyamaliza kwa sekunde.

Malipo yanafanywa kwa namba ya malipo ya serikali, ile ambayo wengi wanaiita kontro namba. Wazoefu wanamaliza jambo hili siku moja kabla na dereva au kampuni waliyokodi gari, badala ya kuhangaika na mtandao langoni watoto wakilia. Risiti ichapishwe, isikae kwenye simu peke yake.

Chakula na wezi wake

Kule chini hakuna genge la kukimbilia kununua chipsi, kwa hiyo chakula kinatoka nyumbani. Chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na karanga vinavumilia siku nzima bila kuharibika. Chai ya tangawizi kwenye chupa ya chai inanyweka zaidi asubuhi ukingoni kuliko soda tano.

Shida ni wanaoingojea. Langoni Lodoare nyani wamezoea magari na wanajua mlango uliosahaulika wazi, na ndizi mkononi mwa mtoto ni kama mwaliko. Chini, kwenye eneo la kupumzikia la Ngoitokitok, pembeni ya bwawa lenye viboko, kuna mwewe. Anashuka kwa kasi kutoka nyuma na kunyakua chapati mkononi, na kucha zake zinaweza kumkwaruza mtu usoni. Watoto wale ndani ya gari, madirisha yakiwa yamefungwa. Chakula kikae kwenye hotpoti au ndoo yenye mfuniko, siyo kwenye kikapu kilicho wazi.

Mifuko ya rambo ni marufuku nchini tangu 1 Juni 2019. Badala yake kubebwe mifuko ya kitambaa, pamoja na mmoja wa ziada wa taka, maana maganda yote yanarudi na familia. Kuwarushia wanyama chakula hairuhusiwi.

Mengine madogo yanayokera yakisahaulika

Huwezi kushuka kwenye gari popote unapojisikia. Vyoo viko sehemu za kupumzikia tu, na kati ya sehemu moja na nyingine kunaweza kuwa na simba. Mwenye mtoto mdogo abebe pampasi za kutosha, au kopo lenye mfuniko kwa wale waliokwishaacha pampasi. Tishu na maji ya kunawa pia.

Barabara ya kupanda msituni kutoka Lodoare ina kona nyingi na watoto wengine wanatapika. Kifungua kinywa kiwe chepesi, na nguo ya kubadilisha iwe karibu. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta, kwa sababu vumbi na baridi vinakutana siku hiyo hiyo.

Darubini ni bora kuliko simu ya bei kubwa. Magari hayaruhusiwi kuacha barabara, na faru mara nyingi anaonekana kama kidoti cheusi mbali. Karatu imejaa madereva wa utalii, hivyo kupata wa kuazima siyo kazi ngumu. Mzazi asiahidi twiga lakini. Chini ya kreta hakuna, wanaonekana maeneo ya nje yake, na mtoto aliyeahidiwa twiga atauliza siku nzima.

Jinsi ya kupanga

Gunia moja kubwa nyuma ya gari ni kosa, kwani kila kitu kinachotakiwa kitakuwa chini yake. Bora mabegi matatu madogo: la nguo, la chakula, na la mzazi lenye vitambulisho, dawa, tishu na chaja. Simu zifungwe kwenye kitambaa kuzuia vumbi.

Magari yote yanatakiwa yawe yameshapanda kabla ya saa 12 jioni, na watoto wengi husinzia wakati huo wakiwa na tisheti za mchana. Shuka libaki juu kabisa ya begi la nguo, maana ndilo litakalotafutwa gari likianza kupanda.